Nyayo za Upinde

Kaka yangu ni mwoga. Sisemi hivi kumsengenya, maana hata yeye ukimuuliza atakubali, ila kwanza atataka kujua kwa nini umeuliza. Akifunga mlango anaujaribu mara tatu. Akizima jiko anarudi kuweka kiganja juu yake. Hapandi kigoda kubadilisha taa mpaka mtu mwingine akishikilie. Mtaani walimbatiza jina la Taratibu tangu zamani, na limemkaa mpaka wanangu wanaamini ndilo alilopewa na wazazi.

Uoga wake una asili yake. Alipokuwa na miaka ishirini na mbili alikuwa makanika, tena mkono wake ulikuwa unasifiwa. Siku moja alikuwa anarudisha gurudumu la lori dogo, akaitwa pembeni kidogo, akarudi na mawazo mengine, na nati hakuzikaza. Gurudumu lilichomoka barabarani, likakimbia peke yake, likapita katikati ya watu waliokuwa kwenye foleni nje ya benki, na halikumgusa hata mmoja. Liligonga ukuta likalala. Taratibu naye alilala, siku mbili, amegeukia ukuta, hataki chakula wala maneno. Siku ya tatu aligawa spana zake zote akaenda kujifunza kupiga rangi. "Rangi haiui mtu," alimwambia Mama, na tangu siku hiyo, miaka ishirini na sita, hakugusa tena bolti ya gari. Ikibidi mlango au bampa vitolewe, anayetoa ni Makanika, jirani yetu wa gereji. Kaka anakipokea kipande kikiwa kimeshatoka, anakipaka, anakikabidhi.

Mimi ndiye dada yake mdogo. Nashona viti vya magari kwenye kibanda kinachotazamana na chake, kwa hiyo nikiinua kichwa kwenye cherehani ninamwona. Miaka yote nimemtania. Kumtania Taratibu ni raha kwa sababu hajibu, anatabasamu tu, kisha anakwenda kuhakikisha kama kompresa imezimwa.

Jumatatu moja Mwalimu akaja na gari lake. Mwalimu alitufundisha jiografia sote wawili, sasa amestaafu, na kwa miaka tisa alikuwa akijijengea nyuma ya nyumba yake gari la michezo la kuiga. Bodi ni ya faibaglasi, ameifinyanga ifanane na yale magari ya mashindano ya zamani. Injini ni ya pikapu. Taa za mbele sijui alizitoa wapi, zinakutazama kama mtu aliyeshtuka. Ni la kijani, viti viwili, halina paa. Nyuma ya viti umesimama upinde wa bomba nene la chuma, wenye miguu minne, ili gari likipinduka ugonge chini upinde na si vichwa vya watu. Hata mikanda ya mabegani imefungwa kwenye huohuo. Rangi nyeusi ya upinde ilikuwa imevimba malengelenge na kutu inachungulia. Mwalimu alitaka ung'olewe, usafishwe, upakwe upya, na ufungwe kabla ya Jumamosi, kwa kuwa Jumamosi alikuwa na abiria.

"Abiria gani tena, Mwalimu?" nikamuuliza.

"Mama yenu. Ameniambia katika umri wake wote hajapanda gari lisilo na paa. Nampeleka kule juu mlimani kwenye mnara, tunakunywa chai, tunarudi."

Mama alikuwa na miaka sabini na sita, na hajui kuogopa. Ujasiri huo wote sijui ulikwenda wapi, maana kwa Taratibu haukufika. Niliona kaka yangu anaitazama ile miguu minne ya upinde, bolti mbili kila mguu, huku anajifuta mikono iliyokuwa mikavu.

Wiki hiyo Makanika alikuwa nyumbani, mkono wa kulia umevunjika, uko kwenye plasta kwa kuteleza bafuni. Taratibu akasema basi tungoje apone. Hapo ndipo mdomo wangu ulipoingia kazini.

"Bolti nane tu," nikasema. "Hata mimi na sindano zangu nazitoa."

"Kuzitoa si tatizo. Kuzirudisha ndiko."

"Utazirudisha. Kaka, una miaka arobaini na minane. Utamwambia Mama safari imekufa kwa sababu mwanawe anaogopa spana?"

Hilo la Mama nililichomeka makusudi, nikijua pa kuchomeka. Alinitazama kidogo, akaazima sanduku la spana la Makanika, akapiga magoti kwenye gari.

Alizitoa zote nane kwa saa moja na nusu. Kila moja aliitia kwenye kikopo chake, akaandika namba kwenye kikopo, na namba hiyohiyo akaiandika kwenye sakafu ya gari pale ilipotoka. Chini hakukuwa na nati za kupotea, zilichomelewa kwenye sakafu, ambayo ni ya chuma. Tuliunyanyua upinde pamoja tukautundika kwa waya kwenye mlango wa kibanda chake. Baada ya hapo akawa mtu mwingine. Alichukua msasa akaanza kukwangua akiimba puani, maana sasa lilikuwa bomba tu, na bomba analiweza.

Jumatano aliniita. Alikuwa ameushika mguu mmoja wa upinde na kuupindua nione chini yake, lile bapa la chuma linalokaa juu ya sakafu ya gari. Sisi tulilibandika jina la unyayo.

"Dada, njoo uone. Nyayo hizi hazikupakwa rangi. Zote nne. Chuma kitupu, zimetiwa grisi tu."

"Aliyepaka alikuwa mvivu."

"Aliyepaka ni Mwalimu. Mwalimu si mvivu." Alipapasa lile bapa kwa kidole gumba. "Labda kuna maana."

"Maana yake kutu. Unataka uache kazi nusu? Zipake. Mtu akija kuufungua mwaka ujao atasema Taratibu hakumaliza."

Nilisema hivyo nikiwa na uzi mdomoni, nimesharudi nusu ya njia kwenye cherehani yangu. Alisimama pale kwa muda. Najua alisimama kwa sababu niligeuka, nikamwona, nikamcheka. Kisha akachukua bunduki ya rangi akazipaka. Rangi ya msingi mikono miwili, yaani mara mbili, nyeusi mikono mitatu, vanishi mikono miwili, kama alivyopaka upinde mzima. Zilipokauka zilikuwa nyayo nzuri kuliko nyuso za watu wengine ninaowajua. Nilizipiga picha kwa simu.

Alhamisi jioni tuliufunga. Alikuwa anatoka jasho mpaka linadondokea spana. Alikaza bolti ya kwanza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akaenda ya pili, akarudi ya kwanza, hivyo hivyo mpaka ya nane, kisha akaanza upya. Alipomaliza alichukua brashi nyembamba ninayotumia kuweka gundi, akachora mstari mweupe juu ya kila bolti, mstari unaoanzia kwenye kichwa cha bolti na kuishia kwenye mguu wa upinde.

"Bolti ikizunguka hata kidogo, mstari utakatika," akamwambia Mwalimu Ijumaa alipokuja kuchukua gari. "Mwalimu, naomba kila ukisimama uangalie."

Mwalimu aliahidi. Nilimwambia Taratibu hiyo ni akili, na nilikuwa sitanii.

Jumamosi saa tatu asubuhi Mama aliondoka akiwa amejifunga mtandio wa njano chini ya kidevu na kuvaa miwani yangu ya jua. Alitupungia mkono bila kugeuka. Kaka alibaki barabarani mpaka mlio wa gari ulipokwisha, halafu akaenda kwenye kibanda chake kupanga makopo yaliyokuwa yamepangika.

Saa nne kasoro hivi Makanika akaja gereji kutusalimu, mkono wake mweupe umening'inia shingoni. Mimi nikatoa simu kumtambia kazi ya kaka yangu. Alitazama picha ya kwanza akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa ya nyayo. Hakutikisa kichwa.

"Hizi nyayo mmezipaka?"

"Zimependeza, eti?"

"Mikono mingapi?"

Nikamtajia. Alinirudishia simu polepole.

"Hapa chuma kinatakiwa kikae juu ya chuma," akasema. "Ukiweka rangi katikati, bolti inakuwa imebana rangi. Tena rangi yenyewe ni ya juzi, bado laini. Gari likitikisika, injini ikipasha joto, rangi inasagika, inakuwa nyembamba. Bolti inabaki imesimama, haijashika kitu."

"Lakini ameweka alama. Mwalimu anaangalia alama."

"Alama itakaa palepale, dada yangu. Bolti haijazunguka. Kilichopungua kiko chini yake."

Taratibu alikuwa mlangoni. Sikujua amesikia kiasi gani mpaka nilipoona midomo yake, imekuwa rangi ya majivu. Aliketi juu ya kopo la rangi, akainuka, akaketi tena.

Nilipiga simu ya Mama. Ililia nyumbani kwangu, juu ya friji, nikaisikia kwa masikio mawili: moja kwenye simu, moja kutoka dirishani, maana kwangu ni ukuta wa pili tu. Ya Mwalimu haikupatikana. Huizima akiendesha, na hujisifu kwa tabia hiyo. Makanika alikuwa anaongea na kaka yangu kwa upole, kama unavyoongea na mtu aliyeamka na homa: ng'oa upinde, kwangua rangi mpaka chuma kitupu, futa, kaza tena, kazi ya saa mbili. Akamwekea sanduku la spana kwenye pikapu ya gereji kwa mkono wake mmoja.

Taratibu huendesha mwendo ambao kuku wanampita. Siku hiyo hapana. Tulipoanza kupanda mlima nilijishikilia kwenye dashibodi, nikafumba macho, nikafumbua, kwa sababu nikifumba niliona mikanda ya mabegani imefungwa kwenye upinde na upinde haujafungwa kwenye kitu. Upande mmoja ni mwamba. Upande wa pili kuna reli ya bati na baada ya reli hakuna kitu. Kila kona nilitazama chini kutafuta rangi ya kijani, na mlima mzima ni wa kijani. Nilikuwa naogopa namna ambayo sijawahi kuogopa tangu nizaliwe. Kichwani lilikuwa linazunguka neno moja, zipake, kwa sauti yangu mwenyewe, yenye uzi mdomoni.

Kaka hakunilaumu. Heri angenilaumu. Alikuwa anasema "Mungu wangu, Mungu wangu," chini kwa chini, na kubadilisha gia.

Karibu na juu, kwenye kona kali kuliko zote, nikauona mtandio wa njano. Umenasa kwenye reli, unapigapiga kwa upepo.

Alisimamisha pikapu katikati ya barabara. Nilijaribu kufungua mlango na mkono haukunitii. Nasema ukweli wangu: mimi niliyewahi kumfukuza mwizi kwa mkasi wa kukatia ngozi, nilikaa kwenye kiti nimebana magoti. Aliyeshuka ni Taratibu, asiyepanda kigoda. Alikwenda mpaka kwenye reli, akaiinamia, akachungulia chini, tumbo lake lote liko upande wa pili. Nilikuwa namtazama mgongo tu, nasubiri nione mabega yatafanya nini. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaukwanyua mtandio akarudi.

"Vichaka," akasema. "Na tairi bovu la zamani. Hakuna kitu." Aliniwekea mtandio mapajani, akashindwa kutia ufunguo mara mbili, ya tatu ukaingia.

Mama alikuwa kwenye benchi chini ya mnara, nywele zimesimama zote, kikombe mkononi, anamsikiliza Mwalimu akimwonyesha mito na vijiji kule chini. Alipotuona alishangaa kidogo.

"Mmenifuata? Mtandio wangu umepeperuka." Akauona kwangu. "Haya, afadhali."

Nilimkumbatia mpaka chai ikamwagika, akanigombeza. Taratibu hakumsalimu. Alipita moja kwa moja hadi kwenye gari, akapiga magoti.

"Alama ziko sawa," Mwalimu akamwambia. "Nimeangalia njiani mara mbili, na hapa nimeangalia."

Zilikuwa sawa kweli. Mistari minane myeupe, imenyooka kama alivyoichora. Taratibu akaweka spana kwenye bolti ya kwanza, akaisukuma kwa vidole viwili, nayo ikazunguka. Ya pili ikazunguka. Ya tatu hakuhitaji spana. Alipofika ya nane aliushika upinde kwa mikono miwili akautikisa, ukacheza na kutoa mlio mdogo kwenye sakafu, na mikanda miwili ikacheza nao.

Kikombe cha Mwalimu kilitua kwenye benchi. Alikuwa ametoka kupita kona zote zile na mama wa watu.

"Nimekosea, Mwalimu," kaka yangu akasema, bado amepiga magoti. "Nimepaka rangi mahali pasipotakiwa. Nusura niue watu."

Mwalimu alikuja akainama, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa mguu wa upinde, penye uzi mweusi wa rangi iliyokamuliwa nje. Alielewa mara moja, na uso wake ukawa ule tuliokuwa tukiuona mtu asipoleta daftari.

"Nyayo hizi niliziacha wazi mwenyewe, makusudi. Nani aliamua zipakwe?"

Niliusikia upepo. Mama alikuwa anatutazama, mmoja baada ya mwingine. Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa fupi tu, nililibeba njia nzima kutoka chini, na lilipofika mlangoni likakwama, kwa sababu Mama alikuwa ananitazama mimi, na katika macho ya Mama mimi ndiye mwenye akili.

"Mimi," Taratibu akasema.

Mama alimgeukia. "Wewe unayeogopa mpaka kivuli cha kamba," akasema, "hili ndilo uliloona halina hatari?"

Hakusema kwa ukali, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kaka aliinamisha kichwa, akachukua spana.

Tulifanya kazi saa mbili na nusu. Tuliutoa upinde tukaulaza juu ya blanketi la pikapu, na yeye akakwangua nyayo zake kwa wembe. Rangi ilitoka kwa vipande laini kama utando wa maziwa. Mimi nilimaliza kwa msasa, unyayo mmoja baada ya mwingine, mpaka chuma kikawa kitupu na vidole vyangu vikawaka moto. Mama na Mwalimu wakiwa mbali kwenye benchi, nilimwambia, "Kaka, mimi ndiye niliyesema." Akasema, "Nilishika bunduki mimi." Akaniomba kitambaa.

Aliukaza upinde, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuchora mistari. Mama akaanza kujifunga mtandio, maana kwake yeye safari ilikuwa bado nusu. Taratibu akaingia kwenye kiti cha abiria akajifunga mkanda.

"Mama, shuka na pikapu," akasema. "Huku nashuka mimi."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimwamrisha Mama. Mama aliguna, akaja kwangu.

Niliendesha nyuma yao mlima mzima. Kila kona nilikiangalia kichwa cha kaka yangu, kipara chake kidogo, chini ya lile bomba jeusi linalong'aa, naye amekamata mikanda kwa mikono yote miwili. "Mtazame," Mama akasema, "kama mtoto kwenye bembea," akacheka peke yake. Upinde haukucheza. Chini walipofika Taratibu alishuka, akatembea hatua kadhaa, akatapika kwenye mtaro.

Sasa ni mwaka wa nne. Mwalimu bado anatuletea kazi, Makanika ndiye anayefungua na kufunga bolti, na Taratibu kabla ya kupaka kitu chochote hukipindua na kuuliza chini yake kunakaa nini. Mama kisa hiki anakipenda, kila mgeni akija anakisimulia: upepo, mtandio, chai. Akifika kwenye nyayo humwonyesha Taratibu kwa kijiko, watu wote wanageuka kumtazama, wanacheka. Naye anatabasamu, na hageuzi macho upande wangu hata kidogo. Hapo mimi huinuka, nikasema nakwenda jikoni kuangalia kama jiko limezimwa.